Muhula wa mwisho, maombi 31, usaili 3, kazi hakuna: tatizo langu liko wapi hasa?

#1 Kipanya_Kimya

Wakuu, habari za saa hizi.

Nasoma sayansi ya kompyuta, nimebakiza wiki tisa nimalize muhula wa mwisho. Yamebaki masomo mawili na mradi. Matokeo yangu si haba, sijawahi kurudia somo hata moja. Mradi ni mfumo wa foleni ya zahanati: mgonjwa anachukua namba kwa simu, anaona amebakiza watu wangapi mbele yake, anafika zamu yake ikikaribia. Unafanya kazi na msimamizi wangu ameshaukubali.

Tangu muhula uanze nimetuma maombi 31. Nimeitwa kwenye usaili mara 3, na zote 3 nimeishia hatua ya kwanza. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Wakati huohuo kuna mwenzangu, ambaye mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza somo la kanzidata (database), ameshasaini mkataba na ataanza kazi mwezi uleule tunaomaliza. Namfurahia kwa moyo wote. Ila usiku nalala najiuliza, yeye ana nini ambacho mimi sina?

Niambieni ukweli hata kama ni mchungu. Nikazane na mradi, nikazane na maombi, au kuna kitu sikioni?

#2 Nyuzi_Saba

Naweka kambi hapa. Na mimi niko muhula huohuo.

#3 Bawabu

Mdogo wangu, jibu ni neno moja: kujuana.

Sisemi rushwa, wala sisemi ndugu. Nasema watu wanaojua unavyofanya kazi. Ajira yangu ya kwanza niliipata kwa sababu mtu niliyefanya naye mafunzo kwa vitendo alihamia ofisi nyingine, wakahitaji mtu, akanikumbuka. Sikupita kwenye tangazo lolote. Mpaka tangazo linatoka hadharani, mara nyingi kuna jina tayari linatajwa humo ndani. Hayo maombi yako 31 yamekwenda kwa watu ambao hawajawahi hata kusikia sauti yako.

#4 Mama_Seva

Bawabu, kwamba kujuana kunafungua mlango sikupingi. Ila usimwachie kijana hilo peke yake, maana kwa wiki tisa hawezi kulifanyia kitu kikubwa.

Mimi ni mmoja wa wanaosoma hayo maombi. Timu yetu ni ndogo, na kila tukitangaza nafasi ya mtu anayeanza, yanakuja mengi kuliko tunavyoweza kuyasoma kwa utulivu. Nikueleze ninavyofanya. CV naipa dakika moja, ikizidi mbili. Ikiwa na linki ya ripo, yaani hifadhi ya mafaili ya mradi mtandaoni, naifungua, nasoma maelezo ya mwanzo, halafu najaribu kuuwasha mradi kwenye kompyuta yangu kwa kufuata maelezo hayohayo. Ukigoma kwa dakika kumi naufunga, naenda kwa anayefuata. Sifurahi kufanya hivyo, najua nyuma yake kuna mtu amekesha. Lakini ndivyo ilivyo.

Kipanya, kama huna neno nitumie linki inboksi nikuangalizie.

#5 Kipanya_Kimya

Nimeshatuma mama, asante sana. Utakachokiona kiandike hapahapa, wengine nao wafaidike.

#6 Kokoto_la_Mto

Mleta mada, CV yako haina shida. Ingekuwa mbovu usingeitwa hata mara moja. Umeitwa mara tatu ukaangukia palepale, kwa hiyo tatizo ni usaili wenyewe. Tuambie walikuuliza nini.

#7 Kipanya_Kimya

Wa kwanza walinipa ubao niandike programu ya kutafuta namba kwenye orodha iliyopangwa, kwa kuigawa nusu kwa nusu. Nilianza vizuri, nikachanganyikiwa mwishoni, ikawa inazunguka bila kukoma.

Wa pili walisema, "Tueleze mradi wako." Nikaeleza dakika ishirini wakanikatiza.

Wa tatu walinipa kazi ya kufanya nyumbani kwa siku tatu. Zikaangukia wiki ya majaribio ya chuo. Nilituma nusu.

#8 Kokoto_la_Mto

Nimekuelewa. Kugawa nusu kwa nusu ni somo la mwaka wa kwanza mkuu. Orodha ya vitu milioni moja unaimaliza kwa hatua zisizozidi 20. Ukishindwa hiyo, anayekusaili hana sababu ya kuendelea. Muhula wa mwisho watu wanazama kwenye fremuweki mpya (viunzi vya kujengea programu), misingi wanaisahau. Rudi kwenye miundo ya data, kila siku swali moja, kwa mkono, bila kompyuta. Hilo ndilo tatizo lako, hakuna lingine.

#9 Fundi_Bomba

Kokoto, taratibu kidogo. Hiyo programu unayoiita ya mwaka wa kwanza ilikaa ndani ya maktaba ya lugha ya Java yenyewe, yaani mkusanyiko wake wa programu zilizo tayari, ikiwa na kosa kwa takriban miaka tisa, mpaka lilipoandikwa hadharani mwaka 2006. Na ilikuwa imeandikwa na watu wanaojua kazi.

Kosa lilikuwa mstari mmoja tu, wa kutafuta katikati: (chini + juu) / 2, yaani nafasi ya mwanzo na ya mwisho ya sehemu inayotafutwa. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla ya hizo mbili inavuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kamili kubwa kuliko zote inayoingia kwenye namba ya kawaida ya Java, ya biti 32. Ikivuka hapo inageuka hasi na programu inaanguka. Dawa yake ni chini + (juu - chini) / 2.

Kwa hiyo kijana kukwama ubaoni huku watu watatu wanamkodolea macho, mimi simhesabii kuwa hajui.

#10 Nyuzi_Saba

Fundi, hata kwenye Python inatokea?

#11 Fundi_Bomba

Haitokei. Namba kamili za Python hukua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu. Kosa hilo ni la lugha ambazo namba zake zina ukubwa maalumu.

#12 Kokoto_la_Mto

Hilo la Java sikulijua, nimejifunza, heshima yako. Lakini hoja yangu naibakiza: aliyekusaili hakuwa anatafuta kosa la namba kubwa. Alitaka kuona ukikwama unafanya nini. Kipanya, ulipoona inazunguka ulisema nini?

#13 Kipanya_Kimya

Sikusema kitu. Nilinyamaza nikawa nafuta na kuandika upya.

#14 Kokoto_la_Mto

Hapo sasa. Ungesema kwa sauti, "Ngoja nijaribu na orodha ya vitu viwili," wangekufuata. Mimi niliwahi kupewa kazi na swali sikulimaliza, kwa sababu tu nilikuwa naongea muda wote ninaokwama.

#15 Mama_Seva

Nimerudi. Kipanya umeniruhusu, basi naandika kama nilivyoona.

Maelezo ya mwanzo yana maneno manne: "Huu ni mradi wangu." Hakuna jinsi ya kuuwasha. Nimekisia, nikajaribu, ukagoma. Nilipofuatilia nikakuta faili moja linatafuta mipangilio kwenye folda inayoanzia C:\Users ikifuatiwa na jina lako. Kwenye kompyuta yangu mtu huyo hayupo.

Nimefungua historia. Kuna komiti nne, yaani hatua za kazi zilizohifadhiwa. Ya kwanza imeingiza mradi mzima kwa mpigo, ya mwisho imeandikwa "mwisho kabisa sasa". Miezi minne ya kazi, na mimi siwezi kuona hata siku moja ulivyofikiri.

Nywila ya kanzidata imeandikwa wazi ndani ya msimbo (code).

Sasa nikuambie na jingine, maana hili limenikalisha. Nimefungua faili linalopanga zamu. Mifumo mingi ya foleni, namba ikiitwa na mtu asipotokea, inamtoa na kumwambia aanze upya. Wewe hukufanya hivyo. Umemweka pembeni, akirudi anaingia baada ya watu wawili, na akichelewa zaidi ya muda fulani ndipo anarudi nyuma. Juu ya mstari huo umejiandikia: "Anaweza kuwa chooni. Usimfute."

Nimeisoma hiyo nikaisoma tena. Mtu wa namna hiyo nampigia simu. Lakini kwenye CV uliyonitumia halipo, kwenye maelezo ya mwanzo halipo, na kama nisingekuwa nimekuahidi kuangalia, dakika ya kumi ingenikuta nimeshafunga.

#16 Kipanya_Kimya

Mama nimekaa kimya dakika nzima hapa.

Hilo la kutomfuta limetoka kwa bibi yangu. Nilimsindikiza kliniki, akatoka kidogo, namba yake ikaitwa. Aliporudi akaambiwa achukue nyingine. Tuliondoka jioni. Mradi wote umetoka siku ile.

#17 Bawabu

Kipanya, kwenye ule usaili wa pili, dakika ishirini zile ulieleza nini?

#18 Kipanya_Kimya

Nilianza na fremuweki niliyoitumia na kwa nini niliichagua. Halafu majedwali ya kanzidata, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimefika jedwali la sita waliponikatiza.

#19 Bawabu

Na bibi?

#20 Kipanya_Kimya

Sikumtaja.

#21 Kokoto_la_Mto

Bawabu hapo umepiga penyewe, na mimi huwa sikusifii.

Kipanya, lile faili lenye nywila lifute sasa hivi, usisubiri kesho.

#22 Fundi_Bomba

Kufuta hakutoshi, tafadhali asiishie hapo. Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inatunza kila hatua iliyopita. Ukifuta leo, leo haionekani, lakini yeyote anayerudi kwenye komiti ya jana anaikuta vilevile. Na kuna watu wanaoendesha programu za kupekua ripo za wazi kutafuta nywila na funguo usiku na mchana.

Cha kwanza kabisa ni kubadilisha nywila yenyewe kwenye kanzidata, ile ya zamani isifungue kitu. Baada ya hapo iondoe kwenye msimbo, iweke kwenye faili la mipangilio ambalo Git imeambiwa isilifuatilie. Kusafisha historia kuna zana zake, lakini hiyo ni hatua ya baadaye. Ukianza na kusafisha bila kubadilisha, umefunga dirisha huku mwizi ana ufunguo wa mlango.

#23 Pepo_Kaskazini

Yote haya Torvalds alipoanzisha GitHub 2005 hakuyafikiria, au?

#24 Fundi_Bomba

Umechanganya mbili. Linus Torvalds alitengeneza Git mwaka 2005, kwa ajili ya kazi ya mfumo endeshi wa Linux. GitHub ni huduma ya kuhifadhi ripo za Git, ilifunguliwa 2008 na watu wengine kabisa. Unaweza kutumia Git maisha yako yote bila kugusa GitHub. Na kwenye usaili usije ukavichanganya, hilo ni swali wanalolipenda.

#25 Pepo_Kaskazini

Nimeelewa, asante. Miaka mitatu natumia nilidhani ni kitu kimoja.

#26 Kinara_wa_Mawingu

Nimesoma kuanzia #1, na samahani, naona tunamzungusha kijana. Kila mtu anatafuta kosa kwake. Soko limebadilika! ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo kampuni zimeanza kupunguza watu. Kazi aliyokuwa anapewa mhitimu sasa inafanywa na akili mnemba. Hata aandike maelezo ya mwanzo kama shairi, nafasi zenyewe zimepungua.

#27 Dada_Takwimu

Kinara, tarehe zako zinagongana. Meta, wenye Facebook, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000 tarehe 9 Novemba 2022. ChatGPT ilitoka tarehe 30 ya mwezi huohuo, wiki tatu baadaye. Google ilitangaza 12,000 Januari 2023, Amazon zaidi ya 18,000 Januari hiyohiyo. Maamuzi ya ukubwa huo hayafanywi kwa wiki chache kwa sababu ya programu iliyotoka juzi.

Tazama riba. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, katikati ya 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Fedha za kukopa na za wawekezaji zilipokuwa rahisi, na watu wote wamefungiwa ndani na korona wanaishi mtandaoni, kampuni ziliajiri kupita kiasi. Fedha zilipokuwa ghali wakapunguza. Watu wenye uzoefu waliotolewa wakaingia sokoni, na mhitimu akajikuta anashindana nao kwenye tangazo lilelile.

#28 Kinara_wa_Mawingu

Kwa hizo za 2022 nakubali, nilikosea mpangilio. Ila mimi nazungumzia ninachokiona ofisini sasa. Zamani mtu mpya tulimpa fomu ndogo, majaribio ya programu, kurekebisha maandishi kwenye kurasa. Ndivyo na mimi nilivyojifunza. Leo kazi hizo mwenye uzoefu anazimaliza mwenyewe kwa msaada wa akili mnemba kabla ya mchana. Ngazi ya kwanza ya kupandia imeondolewa, na riba ikishuka haitarudi.

#29 Mama_Seva

Kwetu imekuwa kinyume kidogo. Mtu mpya anakuja na zana hizo anaandika mistari elfu kwa siku, na mimi nashinda naisoma. Shida yangu sasa si mtu wa kuandika, ni mtu wa kusoma msimbo na kuniambia hapa pana hatari. Huyo bado namtafuta, na wahitimu wachache wanaonionyesha kwamba wanaweza.

#30 Dada_Takwimu

Ofisi mbili, majibu mawili. Ndiyo maana sipendi kulihitimisha hili haraka.

#31 Saa_Mbovu

Mimi nina swali moja tu kwa mleta mada. Mwenzako aliyepata kazi alianza kutuma maombi lini?

#32 Kipanya_Kimya

Muhula uliopita, kabla ya likizo.

#33 Saa_Mbovu

Basi mmekaa hapa mnazunguka mbali. Mashirika makubwa mengi hufungua nafasi za wahitimu miezi mingi kabla ya watu kumaliza, mengine karibu mwaka mzima. Mwanafunzi anayesubiri muhula wa mwisho anakuta zimebaki nafasi za wanaotaka mtu haraka, na anayetaka mtu haraka anataka mwenye uzoefu. Mimi nilijifunza hilo kwa machungu. Nilisubiri nimalize kwanza "nitulie", nikatulia miezi kumi na moja.

#34 Bawabu

Kipanya, na huyo mwenzako kazi ameipata wapi?

#35 Kipanya_Kimya

Palepale alipofanyia mafunzo kwa vitendo.

#36 Bawabu

Naomba wote turudi #3 tukaisome kwa utulivu.

#37 Saa_Mbovu

Bawabu usiruke! Aliomba mapema *na* aliomba anapojulikana. Unachukua nusu yako unakimbia nayo.

#38 Mama_Seva

Leo Bawabu halali kwa furaha.

#39 Zawadi_Pweke

Naomba niseme jambo ambalo hamjaligusa. Mwili.

Muhula wangu wa mwisho nilijipangia kutuma maombi matano kila siku, juu ya mradi na masomo matatu. Wiki ya sita nilikuwa nalala kwa saa tatu tu kila usiku. Nikaanza kutuma barua yenye jina la kampuni nyingine. Niligundua baadaye kwamba kampuni nne mfululizo nimeziambia ni ndoto yangu kufanya kazi kwa mshindani wao. Kisha nikapitiliza usingizi kwenye mtihani. Nilirudia somo lile, nikachelewa kumaliza kwa miezi sita.

Kipanya, usaili wako wa tatu, ule wa kazi ya nyumbani, uliingiliana na majaribio. Ulishawahi kuwaandikia kuwaomba siku mbili za ziada?

#40 Kipanya_Kimya

Hapana. Niliogopa wataniona si makini.

#41 Zawadi_Pweke

Waandikie siku nyingine. Sentensi mbili: nina mitihani tarehe fulani, naomba nikabidhi tarehe fulani. Wengi wanakubali. Asiyekubali amekuonyesha mapema utakavyoishi naye.

#42 Nyuzi_Saba

Mimi nilishauriwa nijiunge na programu za msimbo huria (open source, msimbo ulio wazi kwa wote) ili nipate uzoefu, kama ile ya Google, Google Summer of Code. Ila nimebakiza wiki tisa, na ile ni ya wanafunzi tu, si ndiyo?

#43 Fundi_Bomba

Ilikuwa hivyo tangu ilipoanza 2005. Tangu 2022 wameifungulia wanaoanza kuchangia msimbo huria hata kama si wanafunzi, mradi uwe umefikisha miaka 18. Kwa hiyo kumaliza chuo hakukufungii.

Na usisubiri programu. Tafuta mradi unaoutumia mwenyewe, soma maelezo yake, ukikuta hatua iliyokosewa irekebishe uwatumie. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa sentensi moja ya maelezo ya kufunga programu.

#44 Kitabu_Wazi

Naona hapo juu watu wanaipita ripoti ya mradi kama vile ni adhabu ya chuo. Mimi ripoti ndiyo iliyoniajiri. Sura ya majaribio niliiandika kwa ukweli: nini kilifanya kazi, nini kilishindikana, na kwa nini nadhani kilishindikana. Kwenye usaili waliniomba waione, wakaenda moja kwa moja kwenye kurasa za kushindikana. Tukazungumza hapo saa nzima.

Nilipoanza kazi nikaelewa. Siku inapita nikiandika: kueleza hitilafu, kueleza badiliko, kumjibu mteja. Msimbo ni sehemu yake tu.

#45 Kokoto_la_Mto

Lakini chuo kingi ripoti inataka kurasa 80 za ufafanuzi wa kompyuta ni nini. Sura ya ukweli inaishia kurasa mbili.

#46 Kitabu_Wazi

Andika hizo 80 zao, na mbili zako ziandike kama mtu anayejali. Ndizo zitakazosomwa.

#47 Kipanya_Kimya

Wakuu, siku kumi na moja zimepita, naleta mrejesho.

Nilibadilisha nywila usiku uleule kama Fundi alivyosema #22. Kesho yake nikamwomba ninayeishi naye laptopu yake, nikampa linki, nikakaa pembeni na mikono yangu nikaikalia ili nisimguse. Nikamwambia auwashe mradi kwa kufuata maelezo mapya niliyoandika.

Ukagoma mara tatu. Mara ya kwanza ile njia ya folda, nilidhani nimeiondoa kote, kumbe ilibaki sehemu moja. Mara ya pili maktaba moja ilikuwa toleo jipya kuliko langu, kwa sababu sikuwa nimeandika namba ya toleo. Mara ya tatu ukawaka, kurasa zikafunguka, ila hakuna foleni hata moja. Majedwali ya kanzidata nilikuwa nimeyatengeneza kwa mkono mwezi wa kwanza, hayakuwa popote kwenye ripo. Mradi wangu ulikuwa unaishi kwenye kompyuta moja tu duniani.

Jioni ya siku ya pili uliwaka kwa amri mbili. Alichukua namba kwa simu yake akaona "Mbele yako: 0". Akacheka. Mimi koo lilinikaba kidogo.

Maelezo ya mwanzo sasa yanaanza na bibi.

Halafu juzi nimetuma maombi mawili tu, sikutuma mengine. Moja wamenijibu. Usaili ni Alhamisi.

#48 Mama_Seva

Hongera sana mwanangu. Nimeivuta upya sasa hivi, imewaka kwa dakika tatu.

#49 Kokoto_la_Mto

Hongera. Mpaka Alhamisi kila jioni swali moja, kwa sauti!

#50 Saa_Mbovu

Hongera mkuu. Tangazo lilikuwa limetoka lini ulipoomba?

#51 Kipanya_Kimya

Asubuhi ya siku hiyohiyo.

#52 Saa_Mbovu

Mnaona?

#53 Bawabu

Na ulilionea wapi?

#54 Kipanya_Kimya

Nyuzi_Saba alinitumia linki inboksi. Tulianza kuzungumza baada ya uzi huu.

#55 Bawabu

#3, ndugu zangu. #3.

#56 Dada_Takwimu

Ombi moja lililojibiwa, na vitu vitano vilivyobadilika kwa wakati mmoja. Barua pepe yao ilisema wamevutiwa na nini?

#57 Kipanya_Kimya

"Tumepitia maombi yako, tungependa kuzungumza nawe." Basi.

#58 Nyuzi_Saba

Kaka nakuombea heri Alhamisi, kweli kabisa.

Na mimi niliomba hapohapo, siku hiyohiyo. Sijajibiwa. Mama_Seva, kama hujachoka, naomba nikutumie na yangu.

#59 Mama_Seva

Tuma. Ila kwanza mpe mtu mwingine aiwashe.